Kijana, au Kijana Yule?

Haya niliyasema jioni moja ndani ya Ngome ya Lamu, mbele ya wazee wa mtaa na vijana walioniita. Waliokuwa baharini usiku ule wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila pale nilipojirudia nimepunguza.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaamu alaikum.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliojazana ngazini huko nyuma, nawashukuru kwa kuniita. Mimi nimezoea kusema maneno ya watu wengine. Miaka 28 nilikuwa mkalimani wa mahakama, na mkalimani husema "mimi" akimkusudia mtu mwingine. Shahidi akisema "niliogopa", nami husema "niliogopa". Mshtakiwa akisema "sikuiba", nami husema "sikuiba". Leo mwanitaka niseme "mimi" na iwe ni mimi kweli, na jambo mlilonipa ni zito: vipi tumpime mtu aliyetuhumiwa bila kumdhulumu yeye, wala kumdhulumu aliyemtuhumu.

Sababu ya kuniita twaijua sote. Wiki mbili zilizopita video ilizunguka kwenye simu zetu. Kijana amefungwa mikono kwa kamba ya mashua, amekalishwa chini, na mwenye simu asema, "Mwizi huyu, mtazameni vyema." Video hiyo ilifika Shela, Matondoni na Kipungani kabla jina la kijana halijaandikwa kwenye kitabu cha matukio kituoni. Juu ya kesi ile sitatia neno. Iko kwa polisi, na mimi sikuwapo. Nitawapa nyingine, ya zamani, ambayo mimi nilikuwamo na mkono wangu ulikuwamo.

Kwanza, hapa tulipokaa. Ngome hii ilikamilika karibu mwaka 1821, na kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa gereza. Nyinyi vijana mwaijua kwa maonyesho na maktaba. Sisi wa rika langu twaijua kwa wafungwa. Nilikuwa nikipita hapo nje, Mkunguni, nimeshikwa mkono na mama, wafungwa watoka na mafagio, nami namuuliza, "Mama, yule amefanya nini?" Mama hunijibu, "Ameiba." Na yule mwingine? "Ameiba." Na yule mzee mwenye mvi? "Ameiba pia, twende." Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwajua watu wale hata mmoja. Wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka ya kwenda sokoni tu. Nimeyakumbuka hayo mara nyingi nikiwa kazini, kwa sababu hivyo ndivyo wengi wetu tunavyohukumu. Hatuna chuki na mtu, tuna haraka.

Wazee wetu wana neno zuri ambalo siku hizi silisikii sana mitaani: insafu. Mtu wa insafu. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa "nusu". Asili yake ni kumpa mwenzako nusu yake. Lakini nusu ya nini? Hapo ndipo wengi hupotea. Wengine wadhani insafu ni kukaa katikati kila mara: huyu asema ameibiwa, yule asema hakuiba, basi mimi nasema kila mmoja ana lake, yaishe. Hiyo ni njia ya kukwepa kazi. Manahodha wawili wakibishana kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, mmoja asema maji yatosha kupita, mwenziwe asema hayatoshi, yule wa tatu akisema "yatosha nusu" ataikwamisha mashua kwenye mchanga pamoja na abiria wa Faza. Mwenye akili huchukua upondo akapima. Nusu tunayodaiwa ni ya masikizi: sikio moja la huyu, sikio moja la yule. Tukishasikia na kupima, hukumu huenda ikawa yote ya upande mmoja, na hiyo pia ni insafu.

Sasa niwape hiyo kesi. Sitaitaja mahakama, wala mwaka, wala mtu.

Mashine ya boti iliibwa. Mliomo kwenye uvuvi mwajua maana yake: mashine ikiondoka, nyumba tatu zimelala na njaa, ya mwenye boti na za mabaharia wake. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Aliyeshikwa ni kijana wa bara, hamali, aliyekuwa akipakua magunia jahazini na kulala kwenye kibanda karibu na maji. Hakuwa na mjomba wala shangazi hapa. Alisimama kizimbani na ndara mbili zisizofanana, moja ya buluu na moja ya kijani, akizificha moja nyuma ya nyingine.

Shahidi mkubwa alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyekuwa dirishani mwake usiku. Alikula kiapo, akashika ncha ya buibui lake, akasema: "Nalimuona kijana apita na mzigo begani, saa nne usiku."

Kumbukumbu za mahakama zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, na hakimu hakuwa mtu wa pwani. Basi maneno ya yule mama yalipita kwangu. Sikilizeni vizuri hapa, maana ni jambo dogo kama punje ya mchanga. Sisi tukisema "nalimuona kijana", neno limekaa wazi. Huenda ni kijana fulani tu, asiyejulikana. Huenda ni kijana huyu tunayemzungumza. Msikilizaji akitaka kujua, auliza. Kiingereza hakikuachi ukae wazi namna hiyo. Mbele ya jina lazima uweke kijineno, na kijineno hicho kinakutaka useme: ni kijana yeyote, au ni kijana yule? Hakuna njia ya tatu. Mkalimani achague, na achague upesi, kalamu ya hakimu inangoja.

Nikachagua "yule".

Mama hakusema yule. Yule nilimtia mimi. Na nilimtia kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi, nimepita barazani, nimesikia "ndiye huyo huyo", nimemuona mke wa mwenye boti akilia, nimeingia mahakamani nikamkuta mgeni mwenye ndara mbovu kizimbani. Kichwani mwangu kijana alikuwa mmoja tu. Sikukusudia kumdhulumu mtu. Lau ungeniuliza dakika ile kama napendelea upande, ningekuapia kwa Mungu kuwa sipendelei, na ningekuwa nasema nilichokiamini. Hakimu akaandika. Akainua uso, akamtazama kijana, akarudi kwenye karatasi. Nililiona lile tazamo lake, na mpaka leo naliona.

Ukimuuliza mtu wa hapa, "Je, wewe una upendeleo?" atakujibu hana. Mimi ningejibu vivyo hivyo, nami nilikuwa nikilipwa mshahara kwa kutokuwa nao. Upendeleo haukai kwenye nia pekee. Uko kwenye neno linalotangulia kufika mdomoni.

Siku ile saa zikaisha, kesi ikaahirishwa mwezi mmoja. Kijana hakuwa na pesa za dhamana wala mtu wa kumdhamini, akarudishwa rumande. Usiku wa pili nikiwa kitandani, lile neno likanirudia. Nikajaribu kuisikia tena sauti ya yule mama: "Nalimuona kijana." Hakusema yule. Nikajipa udhuru: ni neno dogo, hakimu atayaona mengine, na nikisema wataniona sijui kazi. Mwezi mzima nilikaa na udhuru huo.

Siku ya kesi nikasimama kabla shahidi hajaitwa tena, nikaomba ruhusa, nikasema tafsiri yangu ya siku ile ilikuwa na kosa, nikalitaja. Hakimu alinitazama kidogo, akafungua nyuma, akarekebisha, akasaini pembeni. Hakunikemea. Haikuchukua hata dakika mbili.

Kisha kijana akapewa nafasi ya kumuuliza shahidi. Hakuwa na wakili. Alikuwa na swali moja: "Mama, usiku ule ulioniona, maji yalikuwa wapi?"

Mama akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na nataka mulitie hilo maanani. Akasema: "Maji yalikuwa yamejaa, yamefika ngazini. Nakumbuka kwa sababu nalisikia yakipiga."

Mahakama ikanong'ona. Hakimu akashangaa mnong'ono watoka wapi. Nyinyi hamuhitaji kuelezwa. Mashine iliibwa usiku wa mwezi kumi na tano, mwezi mpevu, mwenye boti mwenyewe alikuwa ameshasema. Mwezi kumi na tano ni bamvua, maji makubwa, yajaa sana na kutoka sana. Bamvua, saa nne usiku, maji yametoka, mashua zimelala kwenye tope. Maji ya kujaa saa nne usiku ni ya maji mafu, yale madogo, wiki moja kabla au wiki moja baadaye. Mama alimuona kijana kweli, apita kweli, na mzigo kweli. Ila ni usiku mwingine. Hamali kupita usiku na mzigo begani, hiyo ndiyo kazi yake. Mashine ilipoibwa na watu wakaanza kuulizana, "Nani ameona kitu?" mama akakikumbuka alichokiona, na barazani wakamshonea kwenye usiku wa wizi. Yeye mwenyewe hakuuona mshono.

Mimi nikiwa pale nilikuwa nimeshafahamu, na sikuweza kutia neno, maana mkalimani si shahidi. Upande wa mashtaka, na nawapa haki yao, walimwita nahodha mmoja mzee aeleze habari ya maji, ingawa yaliharibu kesi yao. Kijana akaachiliwa.

Naona nyuso zingine zinangoja niwaambie mwizi alikuwa nani. Sijui. Hakuna aliyejua, na mashine haikupatikana. Hili ni gumu kulimeza kuliko yote, kwa sababu mji hautaki kukaa bila mwizi. Tukiambiwa kijana huyu hakuthibitishwa, twauliza, "Basi nani?" kana kwamba kukosekana mwingine ni ushahidi juu yake. Mwenye boti alikuwa ameibiwa kweli, na aliondoka mahakamani akiwa ameibiwa vile vile. Hatukuwa na cha kumpa. Kumpa kijana wa watu kwa kuwa hatuna kingine, huo ungekuwa wizi wa pili.

Wala msidhani jambo hili la macho ya usiku ni la mahakama moja. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, tangu mwaka 1953, katika rufaa ya Abdalla bin Wendo, ilionya kwamba shahidi mmoja aweza kutosha kuthibitisha jambo, lakini akiwa amemtambua mtu katika hali ngumu, ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Mahakimu wetu wanairejea rufaa hiyo mpaka leo. Haikusema shahidi ni mwongo. Mtu aweza kusema kweli yake yote na bado akakosea, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mwongo hubabaika ukimuuliza, na mkweli aliyekosea hababaiki.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 50, yasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake. Ibara hiyo hiyo yampa mkalimani bila malipo akiwa hafahamu lugha ya kesi, na sasa mwaona kwa nini. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, yaweka mzigo juu ya anayedai. Si mambo mageni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kwamba kadhi asihukumu baina ya wawili hali ameghadhibika. Na alipomtuma Sayyidna Ali Yemeni kuwa kadhi, alimuusia asimkatie hukumu wa kwanza mpaka amsikie wa pili.

Na kisa cha Nabii Dawud mwakisoma katika Surat Swad. Watu wawili walimpandia ukutani akiwa katika ibada yake. Mmoja akasema, huyu ndugu yangu ana kondoo 99 nami nina mmoja, na huo mmoja ataka niutie kwenye kundi lake. Dawud akasema papo hapo: amekudhulumu. Kisha akatambua kuwa amejaribiwa, akaanguka kusujudu, akatubu. Baadhi ya wafasiri wanasema kosa lilikuwa hapo, aliamua kabla hajamsikia mwenye kondoo 99. Tazameni kesi ilivyokuwa nyepesi: tajiri na maskini, 99 na mmoja. Nani asingemuonea huruma mwenye mmoja? Ikiwa nabii alifikwa na hayo, mimi na wewe tuliokaa barazani na kikombe cha kahawa tuna kinga gani?

Ndugu zangu, nageuka upande wa pili, na hapa naomba kinamama wanisaidie kwa kunyamaza kidogo, maana najua mnalolibeba.

Kuna watu wamesikia habari za namna hii wakafurahia sehemu moja tu: "Haya, tusimtuhumu mtu." Wakaifanya ngao ya kumkinga wanayemheshimu. Akituhumiwa hamali wa bara, mji wasema "ameshikwa mwizi". Akituhumiwa mtu mzima wa ukoo, mwenye kilemba, mwenye kutoa sadaka, na anayemtuhumu ni mtoto wa miaka tisa, ghafla mji mzima wawa wanasheria. "Ushahidi uko wapi? Tusivunjiane heshima. Lificheni, ni aibu." Wamekuja kinamama nyumbani kwangu usiku, nikiwa kazini na baada ya kustaafu, hawajui waanzie wapi, kwa sababu walipoanzia kwa jamaa waliambiwa wanyamaze. Kumnyamazisha mwenye kudai ni kumkatia hukumu bila kumsikiza, kama ilivyokuwa kwa yule kijana wa ndara. Dhuluma ni moja, imebadilisha mlango.

Na sheria imelifikiria hili. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, yasema katika makosa ya kingono mahakama yaweza kutia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake aliyetendewa, ikiwa mahakama imeridhika kuwa mtoto asema kweli, na ikaandika sababu za kuridhika. Sikieni hayo maneno mawili: iridhike, na iandike sababu. Haikusema aaminiwe kwa macho yaliyofumbwa, wala haikusema akatazwe kwa kuwa ni mdogo na hana shahidi wa pili. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msimuogeshe, mpelekeni polisi, sikizeni anavyosema kwa maneno yake msimtilie yenu. Kumtilia mtoto maneno kunaharibu kesi yake yeye kwanza. Na huku nyuma, uso wa mtuhumiwa usirushwe kwenye simu. Yote mawili yawezekana kwa pamoja.

Baba yangu alikuwa akihesabu miti ya mikoko pale gatini. Boriti na mazio zauzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Akija rafiki yake kununua, korija ni 20. Akija mtu aliyegombana naye jana, ni 20. Hakuwa mtu asiye na hisia, baba. Alipenda na alichukia kama binadamu wote, na yule aliyegombana naye hakumsalimia. Lakini miti alimhesabia 20. Nikiulizwa insafu ni nini, sijapata mfano unaoushinda huo. Hatuambiwi tutoe mioyo yetu tuiache mlangoni. Twaambiwa swali tulilomuuliza hamali tumuulize na mtu wa kilemba, na lile tulilomuuliza jirani wa hapa tumuulize na mgeni.

Nasi twajua ladha ya kupimwa kwa korija ya 15. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, watu wasio na kosa, na damu yao ni nzito. Julai ikaja amri ya kutotoka usiku. Wavuvi wetu wa usiku walikaa na nyavu kavu. Vijana wetu wengi walitazamwa kwa kofia zao na majina yao, kukawa hakuna tofauti ya aliyefanya na aliyefanana naye. Na sisi pia, tusijisafishe, tulikaa barazani tukawasema majirani zetu wa bara wote kwa mkupuo mmoja. Kila upande ulikuwa na maiti au mfungwa wa kuonyesha, na kila upande ulikuwa na "yule" wake. Sitaki kulifukua zaidi, jeraha halijafunga. Nalitaja ili tusiseme kuwa kuhukumiwa kwa sura ni jambo la wengine.

Nirudi kwenye maneno, maana ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu. Msiyachukulie maneno kuwa mapambo. Mtu "aliondoka" au "alitoroka"? Ni miguu ile ile, barabara ile ile, lakini neno la pili limeshamtia pingu. "Alikaa kimya" au "alikosa la kusema"? "Alikana" au "alijitetea"? Kiswahili kimetupa ngazi nzima, nasi twairuka: mtu ni mshukiwa polisi wakimshuku, ni mshtakiwa akisomewa mashtaka, na akishatiwa hatiani ndipo umwite mwizi. Kwenye video zetu hakuna mshukiwa. Kila mtu azaliwa mwizi, palepale, mbele ya kamera.

Na methali zetu, nazipenda, lakini nimeziona zikifanya kazi ya ushahidi nazo si ushahidi. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nimemsikia mtu mzima akilisema hilo juu ya msichana wa watu kama vile amelileta kutoka maabara. "Siku za mwizi ni arubaini." Sawa, lakini ni nani mwizi? Methali haikutaja jina. Kama mwataka methali ya kushika katika mambo haya, ipo ile ya mnyonge, kwamba hata ukimnyonga, haki yake umpe.

Wazee waliojenga nyumba za mji huu waliweka daka kabla ya mlango. Mgeni hakuingizwa moja kwa moja mpaka ndani kwa wanawake na watoto. Alikaa dakani, akaulizwa ni nani, ametoka wapi, ana haja gani. Habari ikija kwenye simu yako, ikalishe dakani. Iulize: aliyenitumia aliona, au alitumiwa? Aliyeona, aliona nini hasa, mwizi akiiba au kijana akipita? Wakati gani, mwanga gani, maji yalikuwa wapi? Na yule anayesemwa, ameulizwa? Juzi mwanangu mmoja alinionyesha ile video, nikamuuliza maswali hayo moja moja. Kwa lile la kwanza alijibu upesi. La pili akasita. La mwisho akaizima simu akasema, "Shangazi, mimi sikuwapo." Hilo ni jibu la mtu wa insafu, na nilimwambia hivyo.

Na anayekosea je? Maana sote tutakosea. Nitamalizia kwa yule kijana, kwa sababu nilimuona tena mara moja.

Alikuwa ameachiliwa siku chache. Kazi hakupata tena, kila jahazi ilimwambia mahamali wametosha. Hukumu ya mahakama haikufika gatini. Nilimkuta asubuhi akingoja boti ya Mokowe, na mfuko mmoja wa plastiki wa nguo zake. Akanijua. Akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikamuitikia, nami sikuwa na uso wa kumtazama vizuri. Akaniuliza: siku ile uliposimama ukasema na hakimu kabla shahidi hajaja, ulikuwa ukisema nini? Maana ulisema kwa Kiingereza.

Nilimtafsiria kila mtu pale mahakamani, wanangu. Lile moja lililomhusu yeye kuliko yote, sikumtafsiria.

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba mama yule alisema aliona kijana, nami nikaandikisha kuwa aliona kijana yule, kisha nikalirekebisha. Alisikiliza akitazama maji. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayejifunza jina lake:

"Kumbe mwezi mzima nilikuwa yule."

Nahodha akaita abiria. Akaingia, akakaa nyuma karibu na mashine, mfuko kwenye mapaja. Boti ikapinda kuelekea Mokowe.

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.